Harambee ya Darasa la Jumamosi: wito kwa wazazi, wahitimu na wana-Masasi popote mlipo

Ndugu wazazi na walezi, wahitimu wetu, wazee wa kata, na wana-Masasi mlioko Dar es Salaam, Mtwara mjini na ng'ambo, salaam.

Tunaanza na ombi lenyewe, ili asiye na muda wa kusoma yote alipate. Tunahitaji shilingi 11,308,000 kuendesha Darasa la Jumamosi la sekondari yetu kwa mwaka mzima wa masomo unaoanza Januari. Mkononi tunazo shilingi 2,150,000 zilizopatikana kwenye mchango wa Julai. Zilizobaki, shilingi 9,158,000, tunaziomba kwenu. Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya Novemba, saa tatu asubuhi, viwanja vya shule. Tumechagua wakati huo kwa makusudi: minada ya kwanza ya korosho itakuwa imepita, na malipo ya wakulima wengi yatakuwa yameingia benki.

Kwa ambao hawajalisikia darasa hili: kila Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, wanafunzi 32 wa kidato cha pili mpaka cha nne wanaokwenda kasi kuliko silabasi hukutana maabara na walimu wanne. Wanasoma Hisabati ya Ziada, somo ambalo Baraza la Mitihani, NECTA, linalitahini lakini shule nyingi za kata hazilifundishi. Wanafanya fizikia na kemia kwa majaribio ya mikono. Wanapewa pia maswali ya mashindano. Msilichanganye na tuisheni. Tuisheni inarudia kilichofundishwa wiki nzima; hapa mtoto anapewa asichowahi kufundishwa, halafu anaachwa akune kichwa.

Mwezi wa tano mwalimu aliandika ubaoni swali la kwanza kabisa la Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, IMO, iliyoanzia Romania mwaka 1959 ikiwa na nchi saba tu. Chukua namba nzima yoyote, iite n. Tengeneza sehemu ambayo kiasi chake ni 21n + 4 na asili yake ni 14n + 3. Thibitisha kwamba sehemu hiyo hairahisishiki, uweke n yoyote uitakayo. Watoto wakaanza kujaribu. Ukiweka 1 unapata 25 juu ya 17. Ukiweka 2 unapata 46 juu ya 31, na ukiweka 3 ni 67 juu ya 45. Kweli, hakuna inayorahisishika. Lakini kujaribu si kuthibitisha, na namba hazina mwisho. Zikapita kama dakika arobaini za minong'ono na karatasi kukunjwa. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye siku za kawaida hanyooshi mkono, akaenda ubaoni. Akazidisha asili kwa 3, akapata 42n + 9. Akazidisha kiasi kwa 2, akapata 42n + 8. Akatoa, ikabaki 1. Kisha akaeleza kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilimgomea: namba yoyote inayogawanya ya juu na ya chini bila kubakiza, lazima igawanye na hiyo 1 iliyobaki, na 1 haigawanyiki ila kwa 1 yenyewe. Akarudi kukaa. Mwalimu hakuwa na la kuongeza.

Kwenye mtihani wa muhula binti huyo hakuwa wa kwanza. Hata kumi bora hakuwamo. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili kama watoto wetu wote, akaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, na bado anapambana nacho. Kama tungefuata orodha ya matokeo peke yake, asingekuwa na kiti Jumamosi ile.

Nchi yetu ina shule za vipaji maalumu, na tunazisifu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Ziangalieni kwenye ramani. Hakuna hata moja iliyoko Mtwara wala Lindi. Kibaha, ambayo basi letu la Dar linaikaribia, ni safari ya siku nzima. Na wanaoanza kidato cha kwanza huko huchaguliwa kwa matokeo ya darasa la saba. Mtoto anayechanua akiwa kidato cha pili ameshapitwa.

Wazee mtakumbuka kwamba Hayati Benjamin Mkapa alitoka Lupaso, hapa hapa kwetu, akasoma Ndanda, akaenda Pugu, akafika Makerere. Enzi zile shule zilikuwa za kuhesabika, na mtoto mwenye kichwa alionwa mapema na mwalimu au padri, akapelekwa bweni. Leo shule za kata zimeenea na watoto ni wengi, jambo ambalo tulilipigania kwa kubeba mawe na kufyatua matofali. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika atamwona saa ngapi huyo mmoja aliyenyamaza?

Mbele njia imefunguka kuliko ilivyokuwa zamani zetu. Kidato cha kwanza hadi cha nne hakina ada tangu 2016, na kidato cha tano na sita ada iliondolewa mwaka 2022. Wanaofanya vizuri kabisa kidato cha sita kwenye sayansi wanagharamiwa chuo kikuu na Samia Scholarship. Panapokatika ni huku nyuma, kati ya kidato cha pili na cha nne, ambapo mtoto anaamua kama hisabati ni yake au ni ya wengine. Anayefika PCM, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati wa kidato cha tano, akiwa hajawahi kushika bureti, lile bomba la kioo la kupimia kimiminika maabara, anafika amechoka kabla hajaanza.

Kwenye kikao cha wazazi mwezi wa nane, mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo wengi mnalo moyoni: mnawachangia wenye akili, ilhali wanaopata sifuri ndio wengi? Swali lake ni la haki. Vifaa vya maabara tutakavyonunua vitatumiwa na shule nzima Jumatatu hadi Ijumaa, hilo ni jepesi kulijibu. Zito ni hili: mtoto anayeelewa somo kwa dakika tano, kisha akakaa dakika sabini na tano za kipindi pacha akiwangoja wenzake, anachojifunza ni kungoja tu. Tumewaona. Wapo waliogeuka vinara wa fujo pale nyuma ya darasa. Wapo walioanza na utoro wa Ijumaa, baadaye tukawakuta stendi wakiendesha bodaboda za watu, tena kwa hesabu kali za nauli na mafuta ambazo sisi wenyewe tusingeziweza kichwani. Hatuna neno na bodaboda. Tuna neno na kijana aliyeifuata kwa sababu shule haikuwa na la kumpa.

Halafu, kila Jumatano baada ya vipindi, hao 32 hukaa na wenzao kwa vikundi wakifanya mazoezi ya hisabati pamoja. Ndilo sharti la kuwa na kiti. Hatutawadanganya kwamba sifuri zimekwisha. Hazijakwisha. Ila vikundi hivyo sasa vinajaa bila mwalimu wa zamu kupita na fimbo, na yule mzee siku hizi mjukuu wake anakaa kikundi kimojawapo.

Kuhusu kupata kiti: mwalimu yeyote anaweza kumpendekeza mwanafunzi, hata mwalimu wa michezo, na mwanafunzi anaweza kujipendekeza mwenyewe. Wote hupewa maswali matano wakae nayo wiki nzima nyumbani, na tunasoma namna walivyofikiri kuliko jibu walilolipata. Nusu ya viti ni vya mabinti, na hatuvijazi na wavulana hata vikibaki wazi.

Sasa fedha. Watu hudhani kinachokula fedha ni kompyuta, kumbe makande nayo yamo. Wanafunzi 32 kwa Jumamosi 36, shilingi 1,500 kila mmoja kwa uji wa asubuhi na makande ya mchana, ni shilingi 1,728,000. Msikate hapo. Muhula wa kwanza darasa liliendeshwa bila chakula, na ikifika saa sita mchana lilikuwa limebaki nusu. Kuna watoto wanaotembea kutoka vijiji vya mbali, na kuna mabinti waliopanga geto mjini ambao Ijumaa jioni unga umeshaisha. Sahani ya makande kwao si kishawishi cha kuja kusoma, ni chakula cha siku.

Walimu wanne, nauli na posho ya shilingi 15,000 kwa kila mmoja kila Jumamosi, jumla shilingi 2,160,000. Wawili ni wa kwetu, mmoja anatoka shule jirani, na wa nne ni mstaafu aliyefundisha Advance, yaani kidato cha tano na sita, miaka mingi na hachoki. Mpaka sasa wamekuwa wakija kwa mapenzi, na mapenzi hayajazi tangi la pikipiki.

Maabara inahitaji shilingi 2,600,000 za bureti, pipeti, mizani, kemikali na vifaa vya umeme. Kwa sasa bureti nzima ni tatu. Watoto kumi au kumi na mmoja huizunguka moja, wa mbele anafungua koki, wa pili anatikisa chupa, na aliye nyuma kabisa anaambiwa tu kwamba rangi imebadilika. Kwenye mtihani wa vitendo atakuwa peke yake na bureti yake.

Vitabu 40 vya Hisabati ya Ziada na fizikia ni shilingi 720,000. Laptopu sita zilizotumika, kwa shilingi 450,000 kila moja, ni shilingi 2,700,000. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo mtandaoni bure, na maswali ya IMO ya miaka yote vilevile, tunachokosa ni cha kufungulia. Mwisho, shilingi 1,400,000 ni za safari ya wanafunzi wanane na walimu wawili kwenda kwenye mashindano ya Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, au maonesho ya Young Scientists Tanzania jijini Dar es Salaam, endapo kazi zao zitachaguliwa. Zisipochaguliwa, fedha hiyo inabaki akaunti hadi mwaka unaofuata. Haitageuzwa kuwa posho ya kikao.

Tumeshauriwa tuwaombe viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wakate shilingi chache kwenye kila kilo ya korosho. Tumekataa. Mkulima wa Masasi anayajua makato kuliko mtu yeyote, na hatutaki darasa hili liingie kwenye orodha ile. Kila mtu atoe kwa hiari yake, anachoweza. Mzazi asiyechangia hatafuatwa, na hakuna mtoto atakayenyimwa kiti, chakula wala kitabu kwa sababu jina la mzazi wake halipo kwenye daftari.

Asiye na fedha taslimu alete mahindi, maharage, kunde au kuni. Tutapima, tutaandika thamani yake na kutoa risiti kama kwa mwingine yeyote. Fedha ziingizwe kwenye akaunti ya shule pekee. Namba yake inatolewa ofisi ya mkuu wa shule na imebandikwa ofisi ya kata. Namba yoyote ya simu ya mtu binafsi mtakayoiona kwenye magrupu ya WhatsApp ikidai kupokea mchango huu si yetu. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa muhula, pamoja na risiti, na mzazi yeyote ana ruhusa ya kuja kuhoji.

Wahitimu wetu mlioko vyuoni, UDSM, Ardhi, Muhimbili, Sokoine na kwingineko: mkija likizo, tupeni Jumamosi moja. Njooni na tatizo moja mnalolifanyia kazi huko, hata kama hamjalipatia ufumbuzi, mliweke ubaoni. Na wenye vitabu vya zamani vya Advance vinavyokaa kwenye maboksi huko Dar, vifungeni vizuri, viwekeni kwenye basi la Masasi kama kifurushi, andikeni jina la shule juu yake. Nauli ya kifurushi tutalipa sisi, na kijana wetu atakuwa stendi jioni kuvipokea.

Wenu,
Kamati ya Darasa la Jumamosi
kwa niaba ya Bodi ya Shule