Barua kwa vijana wa dagaa: mwenzenu hajapotea kwa Mungu

Wanangu wa Kayenze, mwalo wetu wa wavuvi hapa Ziwa Victoria,

Juzi usiku nilipita kambini nikawakuta mmekaa kimya. Giza limeingia, mwezi haupo, taa za sola zimeshiba chaji, na hakuna aliyesukuma mtumbwi. Mmoja wenu akaniuliza, "Babu, tutavuaje juu ya mwenzetu?" Nilikosa jibu palepale. Nimelala nalo siku mbili, ndiyo nawaandikia. Anayejua kusoma vizuri awasomee wenzake.

Mwenzenu alipozama ziwani, mlimtafuta siku nne bila kumpata. Niliwaona mkipiga mbizi mpaka macho yakawa mekundu, mkikokota ndoana chini ya maji, huku mkiomba isinase kitu, na mkiomba inase. Mama yake alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, amepakata shati lake la kazini. Magamba ya dagaa yalikuwa yameng'ang'ania kwenye mkono wa shati, yanametameta juani. Alikuwa akiyabandua moja moja na kuyaweka kwenye pindo la kanga. Mchana kutwa. Jioni akafunga fundo, akaenda nalo nyumbani.

Msiba usio na kaburi naujua. Mdogo wangu alipanda MV Bukoba kule Bukoba, na asubuhi ya 21 Mei 1996 meli ile ikapinduka wakati Mwanza ilikuwa imeshakaribia. Walikufa watu zaidi ya 800. Nilizunguka kutazama maiti zilizoopolewa, nikifunua shuka baada ya shuka, mpaka sura za watu zikaanza kufanana. Sikumpata. Huenda yuko Igoma, pamoja na wale waliozikwa bila kutambuliwa. Huenda hakutoka majini kabisa. Kila mwaka tarehe hiyo naenda Igoma na kusimama katikati ya makaburi, nisijue nielekee upande gani. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kule kisiwa cha Ukara, 20 Septemba 2018, niliwalilia sana wale wenzetu, lakini nakiri pia kwamba niliwaonea wivu waliowafukia wapendwa wao udongo pale Bwisya, kisiwani humo, kwa mikono yao.

Kwa hiyo sitawaambia mnyamaze. Katika msiba huu nimesikia watu wakimwambia mama yule, "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Ayubu aliyasema hayo mwenyewe, juu ya wanawe mwenyewe, akiwa amerarua joho lake. Si maneno ya kumsukumizia mtu mwingine ili anyamaze. Wengine wakasema Mungu alimpenda zaidi, ndiyo maana akamchukua. Maandiko hayasemi hivyo. Paulo anayaita mauti adui: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Na Yesu, aliyejua kabisa kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini kwa miguu yake, alipowaona watu wakilia, naye alilia. Lieni, wanangu. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na matumaini.

Na matumaini yenyewe ni yapi? Hapa nataka mnisikilize, maana wengi wetu tumeyafanya madogo. Tunasema roho imekwenda juu, basi, mambo yameisha. Imani ya Kikristo inadai zaidi ya hapo: mtu mzima atafufuliwa, na mwili wake. Ndiyo maana swali lenu la mwili uliobaki ziwani si la kitoto hata kidogo. Miaka mingi lilinitesa hata mimi. Mdogo wangu atafufuliwa kutoka wapi, kama samaki wamemmaliza?

Siku moja nikiwa nasoma Ufunuo, sura ya 20, nikakuta pameandikwa kwamba bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Nikafunga kitabu, nikatoka nje. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi, lakini siku hiyo ndipo nilipoona kwamba waliozama wametajwa. Aliyeandika alijua kuna watu wasio na kaburi, na hakuwasahau. Yule aliyemfanya mtu kwa mavumbi hashindwi kwa sababu mavumbi yamelowa. Ninyi hamkumpata kwa ndoana. Mungu hamtafuti, maana hajampoteza. "Yeye aniaminiye mimi, ajapokufa, atakuwa anaishi." Bwana alimwambia Martha, dada yake Lazaro, maneno hayo siku ya nne ya msiba, mwenzenu alikuwa na imani hiyo, nami nayashika kwa mikono miwili.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa ukali. Nimesikia mnachanga fedha mwende kwa mganga mkaulize ni mkono wa nani. Tayari jina la bibi mmoja mwenye macho mekundu limeanza kunong'onwa. Macho yale yameharibiwa na moshi wa kuni, miaka na miaka ya kupika na kubanika samaki. Kanda yetu hii imeua vikongwe wengi kwa minong'ono ya namna hiyo. Mtumbwi ulipigwa na upepo, na wimbi likaingia. Mtu anayeamini kwamba mwenzake atafufuliwa hahitaji damu ya bibi kizee ili alale usingizi. Hizo fedha mpelekeeni mama yake, ana wadogo watatu wa marehemu wanaosoma.

Na maboya vaeni. Msiniambie siku ya mtu ikifika imefika. Uzima wa milele hatukupewa ili tuuchezee huu wa sasa, na matajiri wa mitumbwi nao wanunue maboya ya kutosha wavuvi wote, si mawili ya kuonyesha siku ya ukaguzi.

Sasa, swali lenu. Baada ya msalaba, Petro naye alichoka kukaa akasema anakwenda kuvua, wenzake wakamfuata. Usiku kucha hawakupata kitu. Kulipokucha wakamwona mtu ufukweni, hawakumtambua. Walipofika nchi kavu wakakuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Yule aliyekuwa amekufa akawaambia, "Njoni mfungue kinywa."

Ingieni ziwani Ijumaa hii. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mtatukuta pale mwaloni, karibu na mtumbwi uliopinduliwa, mimi na mama yake. Nitakuwa nimewasha makaa. Yeye amesema atakuja na chapati. Nanyi mtoe sato wawili watatu kwenye nyavu, tule pamoja, kisha tutaje jina lake kwa sauti mbele ya maji.

Babu yenu, mzee wa kanisa