Mwanangu, maliza tasnifu kwanza

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Habari kwamba umekubali kufundisha vipindi muhula ujao nimeisoma mara mbili, na mamako akataka nimsomee tena. Nilifurahi, kisha wasiwasi ukaniingia. Tasnifu utaimaliza lini?

Karatasi iliyokunjwa uliyotutumia iko mezani hapa ninapoandika. Nimeshika pembe mbili zinazokabiliana, nikavuta taratibu, na misambamba yake yote, vile vipande vya pande nne, ikafunguka kwa pamoja. Nilipozisukuma pembe, ikarudi kuwa ndogo kama kitambulisho. Ndipo nilipoelewa kwa nini mkunjo huu wa Profesa Koryo Miura ulipelekwa angani na Wajapani mwaka 1995, ukiwa umetumika kukunja paneli za jua. Sisi tunaokaa jirani na Ngomeni, ambako satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka baharini tarehe 12 Desemba 1970, tumezoea kuisifu roketi, kumbe kazi kubwa nyingine ni kukikunja kinachobebwa.

Uliniandikia kwamba bamba lenye unene halikunjiki kama karatasi, na kwamba bawaba hukwama. Swali hilo ndilo lililokupeleka huko chuoni. Usiliache likalala kwa sababu ya kusahihisha kazi za watu.

Sikukatazi ualimu. Ningekukatazaje, nami nimeshika chaki miaka 31? Tena kipawa unacho, kwani ulipomweleza mamako mkunjo huo kwa manda ya sambusa, alielewa kabla yangu. Lakini mwanafunzi ukimpa saa moja ataomba ya pili, nawe utampa, kwa kuwa hujui kukataa, na hilo nimekulaumu tangu zamani. Masomo yangu ya shahada unajua yalikoishia. Siku zote nimesema wanafunzi ndio walionimalizia muda. Mtihani wa mwisho ulikuwa wakati wa likizo, mwanangu, na shule ilikuwa imefungwa.

Makuti ya banda la uani yameoza na masika yanakaribia. Fundi anataka malipo kabla ya kupanda juu, na mamako ametenga fedha ulizotuma kwa kazi hiyo, ingawa mimi nilitaka zirudi kwako. Usitume nyingine kabla hujawasilisha tasnifu. Mbuzi amezaa mapacha.

Mwombe msimamizi wako akupangie tarehe ya kuwasilisha, kisha uniandikie, niitie alama kwenye kalenda ya ukutani.

Ni mimi babako