Wawaldensia na Wakathari si watu wamoja

Ndugu mhariri, salaam.

Nimesoma makala yenu kuhusu wazushi wa Ulaya enzi za kati na kusema kweli imeniuma, maana mwandishi kawatia Wawaldensia na Wakathari kapu moja halafu kawaita wote Waprotestanti kabla ya Luther. Hapana jamani. Hawa walikuwa wanapingana wao kwa wao, tena kwa ukali.

Tuanze na Valdo, mwanzilishi wa Wawaldensia, tajiri mfanyabiashara wa Lyon kule Ufaransa. Kwenye miaka ya 1170 hivi akagawa mali yake, akawalipa makleri wawili wamtafsirie Injili kwa lugha ya mtaani, akaanza kuhubiri, na watu wakamfuata. Mafundisho ya Kanisa alikuwa hayapingi kabisa. Mwaka 1179 wakaenda mpaka Roma kwenye Mtaguso wa Lateran, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, kuomba ruhusa, na Papa Alexander III akaikubali nadhiri yao ya umaskini ila kuhubiri akasema mpaka mapadre wa mahali wawaruhusu. Huko huko Mwingereza mmoja msomi, Walter Map, akawahoji maswali ya imani ya kuwatega na ukumbi ukaangua kicheko, na hiyo kaiandika mwenyewe kwa kujisifu. Mimi nikisoma pale roho inaniuma, watu wametembea mpaka Roma kuomba ruhusa wanaishia kuchekwa!

Mwaka uliofuata Valdo akakiri imani yake mbele ya mjumbe wa Papa pale Lyon, na lile tamko lina vipengele kibao vya kuwakana Wakathari. Ugomvi ukaja kwenye kuhubiri, askofu mkuu akawakataza, wao wakajibu na lile neno la Matendo 5:29, imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, basi wakafukuzwa.

Sasa Wakathari ni habari nyingine kabisa. Hao walifundisha kwamba dunia hii inayoonekana, miili yetu ikiwemo, ni kazi ya nguvu ya uovu, kwa hiyo ubatizo wa maji hawautaki, ekaristi hawaitaki, ufufuko wa mwili ndo kabisa. Viongozi wao hawakugusa nyama, mayai wala maziwa kwa sababu vimetokana na kujamiiana. Mprotestanti gani anaamini hivyo? Hata Luther angewafukuza.

Na ushahidi mkubwa ni Durand wa Huesca, Mwaldensia kabisa, aliyeandika kitabu kizima kuwapinga Wakathari. Baada ya mdahalo wa Wakatoliki na Wawaldensia pale Pamiers, Ufaransa, mwaka 1207 akarudi Kanisani, na mwaka 1208 Papa Innocent III akampa ruhusa yeye na wenzake waendelee kuishi kimaskini na kuhubiri. Yaani mlango ulikuwa unaweza kufunguliwa, ila kwa Valdo na wengine waliobaki ulishafungwa tangu 1184, pale Verona, Papa Lucius III alipowataja Wakathari na Maskini wa Lyon (ndio hao Wawaldensia) kwenye hukumu moja. Kuchanganya kulianzia hapo na mwandishi wenu kaendeleza bila kujua.

Na mwisho wao haukufanana. Wakathari walipigiwa vita ya msalaba kuanzia 1209, pale mji wa Béziers, kusini mwa Ufaransa, wakachinjwa watu bila kuangalia nani Mkatoliki nani si Mkatoliki, na Machi 1244 pale ngome yao ya Montségur wakachomwa moto zaidi ya 200, mpaka kiongozi wao wa mwisho tunayemjua huko kusini mwa Ufaransa, Guillaume Bélibaste, akachomwa 1321. Wawaldensia nao waliteswa sana, lakini walijificha kwenye mabonde ya milima ya Alps, wakajiunga na Matengenezo ya Kiprotestanti mwaka 1532 (hapo ndo unaweza kuwaita Waprotestanti, siyo kabla), na wapo Italia mpaka leo. Tarehe 22 Juni 2015 Papa Francis aliingia kwenye kanisa lao Turin akawaomba msamaha kwa niaba ya Kanisa Katoliki.

Naomba toleo lijalo mrekebishe, na ikiwezekana mwandishi aandike makala mbili, moja ya Valdo na moja ya Wakathari. Kuna wanafunzi wanaosoma gazeti hili na wataenda kuyaandika haya kwenye mitihani.

Msomaji wenu, Morogoro