Saa mbili za kunyonyesha zinaishia kwenye foleni

Mhariri,

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mwanawe. Vizuri. Lakini kwa anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, huku mtoto yuko Mbagala, pembezoni mwa jiji, saa hizo zinaishia kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa.

Ofisini kwetu dada mmoja alirudi baada ya siku zake 84 za likizo ya uzazi, mtoto hajatimiza hata miezi mitatu. Kliniki walimwambia maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita. Akawa anakamulia chooni, kasimama, ndoo ya deki pembeni, watu wanagonga mlango. Chupa aliificha kwenye friji nyuma ya soda za wageni. Siku moja mtu wa usafi akaimwaga, akidhani ni maziwa yaliyochacha. Dada wa watu alilia, nami sikuwa na la kumwambia.

Hatuombi kujengewa ghorofa. Chumba chenye komeo, kiti, maji ya kunawa na rafu moja ya friji. Wenzetu Kenya wamekwisha kuliandika hilo kwenye Sheria yao ya Afya ya 2017. Wabunge wetu wakiigusa tena sheria ya ajira, waongeze kifungu cha chumba. Mabosi nao wasingoje Bunge; stoo za makaratasi ya zamani zimejaa tele.

Mfanyakazi wa ofisini,
Dar es Salaam