Barua kwa Rehema, kutoka Babati

Mpendwa Rehema,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, watoto na bibi. Sisi huku hatujambo. Mvua zimechelewa, na Bura bado analalamikia pikipiki ileile. Nimekuwa kimya mno, lakini jambo hili haliwezi kusubiri likizo.

Katika darasa langu la tatu yumo mtoto wa Kibarbaig ambaye walimu wawili wamependekeza arudishwe la pili, kwa madai kwamba ni mvivu wa kufikiri. Hoja yao ni kuwa Kiswahili anakijua: uwanjani ndiye mwamuzi wa kila rafu, huwatania Wairaqw na Warangi bila kukwama, na dukani hadhulumiwi chenji. Ukimpa karatasi inayosema "linganisha" au "eleza kwa nini", huandika jina lake na kukaa kimya. Wenzangu huona ukaidi. Mimi namwona mtoto aliyejiokotea Kiswahili cha mchezo, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha Kiswahili cha somo. Unamkumbuka Jim Cummins wa Kanada, tuliyemmeza chuoni kwa ajili ya mtihani? Alizitenganisha aina hizo mbili za lugha mwaka 1979, na utafiti wake kwa watoto wa wahamiaji ulionyesha kuwa mazungumzo ya kawaida huchukua takriban miaka 2, ilhali lugha ya kitaaluma huchukua 5 hadi 7.

Tena watoto hawa hawaanzii mahali pamoja. Mrangi ametoka nyumbani na lugha ya Kibantu, hivyo ngeli hazimshangazi. Mwiraqw ametoka na ya Kikushi na Mbarbaig na ya Kinailoti, kisha wote watatu wanakalishwa dawati moja na kupimwa kwa kalamu moja nyekundu.

Katika somo la vitu vinavyoelea na vinavyozama, niliwaacha kwanza wajadiliane kwa lugha za kwao, wakaeleza kwa Kiswahili, ndipo wakaandika wakisaidiwa na mwanzo wa sentensi ubaoni: "Nadhani... kwa sababu..." Yule mvivu wao alieleza kwa kirefu, kisha akaandika mistari miwili inayoeleweka. Badala ya kusoma mistari hiyo, mwenzangu mmoja alipeleka taarifa ofisini kwamba naruhusu kilugha darasani, wakati upimaji wa darasa la nne ni kwa Kiswahili. (Naye kila adhuhuri hugombana na mkewe kwenye simu kwa Kiiraqw, sote tukisikia.) Kwa kuwa upimaji ni kwa Kiswahili, ndiyo maana nataka mtoto akifikie Kiswahili hicho, na sioni atakavyokifikia kwa kurudia mwaka uleule kwa mafundisho yaleyale.

Sasa nisaidie. Ulipokuwa Kondoa, ulimshawishije mkuu wako? Wazazi hawakulalamika kwamba unawarudisha watoto nyuma? Zile kadi zako za picha bado unazo, na unaweza kuzipakia kwenye basi? Baba wa mtoto nimwone mwenyewe, au nimtangulize mtu wa kwao? Kikao cha kulijadili jambo hili ni Ijumaa ya wiki ijayo, kwa hiyo hata majibu mafupi yatanifaa.

Rafiki yako,
Anna