Keki Imeungua Chini, Katikati Mbichi: Soma Kabla Hujaturudishia Oveni

Wiki haipiti bila simu hii: "Mmeniuzia oveni mbovu. Keki imeungua chini, juu nyeupe, katikati uji." Hasira hiyo tunaielewa, mayai na siagi vimeshapanda bei. Lakini tunapofika nyumbani kwa mteja, oveni huwa nzima. Tatizo huwa ni ile trei nyeusi iliyokuja nayo.

Trei hiyo ni ya kuchomea nyama na kukingia mafuta. Ukiisukuma rafu ya chini kabisa na kuweka chombo cha keki juu yake, inanyonya joto la koili ya chini na kulisukuma lote kwenye kitako cha keki. Tena inaziba upana mzima wa oveni, hewa ya moto haipandi. Toa trei. Weka chombo juu ya rafu ya waya, katikati, kisigusane na kuta. Nafasi ya vidole vitatu kila upande inatosha. Foili nayo usiitandike sakafuni. Kwenye oveni ya gesi inaziba matundu ya hewa na moto unawaka vibaya.

Kosa la pili ni haraka ya kuokoa umeme. Taa ya oveni inayoonyesha joto limefika ikizimika baada ya dakika nane au kumi, watu wanaingiza keki. Hapo hewa ndiyo iliyopata moto, kuta bado baridi. Ukifungua mlango joto linaporomoka. Subiri dakika 20 hadi 25. Keki ya kawaida iwe digrii 180, au 160 ukiwasha feni. Ukipandisha hadi 220 ili iive upesi, ganda linakauka kabla katikati hapajaumuka, kisha panapasua ganda na kutoka mlima wenye ufa. Ukiitoa kwa kuona rangi nzuri, inabonyea. Mlango usiuguse kabla ya dakika 30. Mteja wetu mmoja aliyepoteza keki tatu za oda kwa siku moja alikuwa anafungua kila dakika tano.

Sasa bei ya kufunga laini ya umeme ya oveni peke yake, ambayo wengi wanaona tunawaibia. Oveni ya wati 2,500 inavuta karibu ampea 11 kwa saa nzima. Ekstensheni nyembamba ya sokoni haiwezi: plagi inalainika, waya unanuka, na volti zinashuka. Oveni ikipata volti 200 badala ya 230, nguvu yake inabaki kama wati 1,900. Robo imepotea, ndiyo maana inachelewa kupata moto. Sisi tunavuta waya wa milimita za mraba 2.5 wenye ethi (waya wa ardhini wa usalama), moja kwa moja kutoka kwenye breka yake ya ampea 16. Kubadilisha soketi iliyoungua na ukuta uliobabuka kunazidi hela hiyo.

Siku ya kwanza bandua stika zote, washa oveni tupu digrii 200 kwa dakika 45, madirisha wazi. Moshi mwepesi ni mafuta ya kiwandani.

Halafu nunua kipimajoto cha oveni, kitundike katikati. Weka 180, soma baada ya nusu saa, na tena mara mbili kila baada ya dakika kumi, maana joto hupanda na kushuka kidogo. Wastani ukipishana na 180 kwa digrii 10, rekebisha kwa kitufe cha joto. Tofauti ikizidi digrii 25, tupigie: hiyo ni thamostati, kifaa kinachodhibiti joto, na ndani ya waranti tunaibadilisha bure.