Usiibebe peke yako

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Ujumbe wako niliusoma jana usiku na tangu hapo moyo haujatulia. Gitaa la mradi umelichonga wewe, umelipima wewe, rangi umeanza kupaka wewe, eti kwa sababu wenzako "wanakuchelewesha". Mikono yako naijua na najivunia. Lakini neno hilo limenichoma.

Mwalimu wa fizikia, wa sanaa na wa muziki hawakuunganisha masomo yao ili mtu mmoja aimalize kazi. Unasema waya wa sentimita 60 ukiubana katikati hubaki 30, ukatetema mara mbili ya mwanzo, na sauti ikapanda oktava nzima, yaani noti ileile lakini ya juu zaidi. Hesabu ni sahihi. Ila kidole kinapoukandamiza waya hadi kwenye mti, kinauvuta kidogo, unakaza, na sauti inapanda kuliko ulivyokokotoa. Nani atalisikia hilo? Yule kijana wa muziki unayesema hajui kanuni hata moja. Mpe alishike, akuambie daraja, kile kipande kinachoinua waya juu ya ubao, lisogezwe wapi. Na rangi ikiwa nzito kwenye ubao wa juu, mtetemo hufifia. Mweleze mchoraji wenu hilo, kisha umwachie brashi yake.

Usiibebe peke yako, mwanangu. Sifa za kuwa wa kwanza umezizoea tangu hapa nyumbani, najua.

Wanasayansi James Watson na Francis Crick walipotangaza umbo la DNA, kemikali inayobeba urithi wa viumbe, mwaka 1953, mchoro wake ulichorwa na Odile Crick, msanii, mke wa Francis. Picha ya eksirei iliyowafungua macho ilitoka kwa mwanasayansi Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling, na Franklin hakupewa heshima iliyomstahili wakati ule. Ndiyo maana nauliza: majina ya wenzako yapo kwenye bango lenu? Nijibu hilo kwanza, alama baadaye.

Mdogo wako amehamia kwenye meza yako ya kusomea. Nimemkataza kugusa vitabu. Bomba la bafuni limeanza kuvuja tena, fundi ameahidi kuja Jumamosi. Baba yako anakusalimu, anasema ulale mapema.

Msasa ulioagiza nautuma kesho. Nimeukata vipande vitatu, kila mmoja wenu na chake.

Mama yako